Naomba ushauri: "mzimu" mweupe kwenye kamera ya usiku

Wakuu, habari zenu. Vile viduara vyeupe vinavyoelea kwenye kamera za ulinzi usiku watu huviita mzimu, na inaumiza bibi kizee wa jirani akishukiwa uchawi kwa ajili ya vumbi. Taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) za kamera hizo huwa zimeizunguka lenzi, hivyo vumbi, mdudu au uzi wa buibui ulio sentimita chache mbele yake hurudisha mwanga na kuonekana mkubwa, wenye ukungu. Kufuta lenzi hakutoshi, buibui hurudi.

Nafikiria kuzima taa za kamera na kufunga taa ya infraredi ya nanomita 850 (urefu wa wimbi la mwanga wake) pembeni. Mita 1 kutoka kwenye kamera inatosha, au 2? Na ya nanomita 940, isiyoonyesha wekundu, itamulika uwanja wa mita 15?