Ua wa saiprasi unakauka lakini mutarakwa ulio kando bado ni kijani. Nipande nini?

Mama Ciru, Lang'ata

Hamjambo wapenzi wa miti. Ua wetu wa saiprasi unakauka vipande vipande tangu jua la Januari. Unaanzia ndani, karibu na shina, matawi yanageuka kahawia, halafu ukavu unatoka nje hadi mpita njia anauona. Nimepanua matawi nikakuta wadudu wadogo wa kijivu wamejipanga kwenye gome, sisimizi wanapanda na kushuka, na majani ya chini yananata na yana masizi meusi. Jirani amekuwa akipuliza dawa kali kutoka agroveti na ua wake umekauka kuliko wangu.

Lakini kwenye kona ya ploti kuna mutarakwa mkubwa, yaani mwerezi wetu wa kienyeji, tulioukuta hapa, na huo haujatikisika. Mume wangu anasema tung'oe saiprasi yote tupande mitarakwa. Shemeji naye anasema tutafute mierezi ya Lebanoni. Je, kweli mutarakwa haushikwi na wadudu hawa? Na nikikata sehemu zilizokauka, zitachipuka?

Mzee wa Kitalu, Dagoretti

Mama Ciru, pole sana. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo la haraka. Hapana, hazitachipuka. Saiprasi haitoi machipukizi kwenye tawi kuukuu lisilo na majani. Ukikata hadi kwenye mti mtupu, pengo litabaki pengo. Ondoa yaliyokufa, lakini usikae ukingoja yafufuke.

Hao ni vidukari wa saiprasi. Walionekana Malawi mwaka 1986, wakafika kwetu 1990. Nilikuwa kijana wa kumwagilia miche wakati huo, na nakumbuka nyua za Limuru na Kikuyu zilivyobadilika rangi. Saiprasi yenyewe asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Huku ilipandwa aina moja, ekari kwa ekari, na mdudu alipotua alikuta meza imeshaandaliwa. Jike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, kwa hiyo wakipata wiki chache za ukavu wanajaa tawi zima. Na hawafyonzi utomvu tu. Mate yao ni sumu kwa mti, ndiyo maana unaona tawi limekufa na ukiwatafuta wadudu huwaoni wengi.

Sasa mutarakwa. Unashikwa, mama. Ni ukoo mmoja na saiprasi, na vidukari hawa wanaujua vizuri. Hata ile mierezi ya mlima Mulanje kule Malawi, ambayo ni ndugu wa mbali, iliguswa. Ninachokiona mimi ni kwamba mutarakwa mkubwa uliosimama peke yake, mizizi imekwenda chini, haukatwi kila mara, hubeba vidukari na kuendelea. Huo wako wa kona uchunguze kwa karibu. Sitashangaa ukiwakuta wachache kwenye vitawi vya ndani.

Lakini ukiipanda mitarakwa futi mbili mbili na kuipunguza kwa mkasi kila msimu, umeifanya kuwa ua kama ule ule unaoung'oa. Machipukizi laini kila wakati, giza ndani, miti inagombania maji. Isitoshe, mutarakwa hukua polepole sana. Ni mti wa kuachiwa wajukuu, mbao yake nyekundu yenye harufu haiogopi mchwa, na nguzo zake hukaa ardhini miaka mingi. Uupande kwa heshima hiyo, mmoja mmoja, wenye nafasi.

Jambo ambalo watu hawaliulizi kitaluni ni mbegu ilitoka kwa mti mama gani. Watafiti wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, pale Muguga walichunguza saiprasi za mbegu mbalimbali na kukuta baadhi zinastahimili kidukari kuliko nyingine, na kwamba tabia hiyo hurithiwa. Kwa hiyo mche wa bei rahisi wa kando ya barabara, ambao muuzaji hajui mbegu yake, ni kamari. Mimi huchuma mbegu kwenye miti iliyobaki kijani wakati majirani zake wamekauka.

Karanja wa Bustani, Runda

Mzee amesema kweli. Niongeze kuhusu dawa. Mama Ciru, chukua tawi lenye vidukari uliangalie juani. Ukiona wengine wamevimba, wamekauka, rangi ya ngano, na mgongoni wana tundu la duara, usipulize. Nyigu mdogo ameshataga ndani yao na mtoto ametoka. Nyigu hao waliletwa kutoka Ulaya na kuachiliwa huku miaka ya 1990 kwa kazi hiyo hasa. Dawa kali huwaua nyigu kwanza, na vidukari waliojificha ndani ya ua hurudi bila adui. Nadhani ndicho kinachomsumbua jirani yako. Ua mfupi mimi naupiga maji ya mpira kwa nguvu kutoka ndani, halafu maji ya sabuni, asubuhi.

Nuru, Parklands

Kwa huyo shemeji wa mierezi ya Lebanoni: nayo ina vidukari wake, aina nyingine. Mierezi ya milima ya Atlas ilipopandwa kwa wingi kusini mwa Ufaransa, kidukari wa kwao aliifuata na kuiharibu. Wafaransa walikwenda Moroko kumchukua nyigu wake, wakamwachilia mwaka 1981, na hali ikatulia. Hakuna mwerezi wa kukimbilia. Tena mti ule huwa mpana mno, kwa ploti ya Lang'ata utaingia kwa jirani.

Mama Ciru, Lang'ata

Asanteni sana. Nimeangalia: mutarakwa una vidukari kweli, kwenye vitawi vya kivulini, na wawili watatu wana hayo matundu. Sitapuliza, na nitazungumza na jirani. Mzee, basi ua niupande kwa nini?

Mzee wa Kitalu, Dagoretti

Changanya. Upande wa barabara weka kayaba, miiba yake inatosha hata kwa mbwa. Upande wa nyumba weka munderendu, ni mti wa msitu wetu wa Nairobi, hukubali kukatwa na kidukari huyu hana habari nao. Saiprasi ambayo bado ni kijani iache, usiikate wakati wa jua, imwagilie chini kwenye mizizi. Ukitaka mitarakwa, miwili inatosha, hatua kumi kutoka ukutani. Chimba mashimo sasa, uweke samadi iliyooza, upande mvua ya masika ikishika.