Mrejesho: oveni iliyokuwa inaunguza juu na kuacha chini mbichi

Habari zenu ndugu zangu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa waliopitwa: oveni yangu ya umeme ilikuwa inaunguza keki juu, chini inabaki uji, nami nikaamini themostati (kile kidhibiti joto) imekufa.

Wengi mlisema nianze na koili ya chini (ule waya wa kupasha moto). Ndiyo hiyo hiyo! Tulizima swichi kubwa, fundi akafungua bati la chini, tukaiona: imepasuka karibu na kona, pana doa jeupe na ufa mwembamba kama wa ukucha. Kwenye mita ya fundi ya kupimia umeme haikupitisha umeme kabisa. Ya juu ni nzima, ndiyo maana oveni ilikuwa inapata moto nikadanganyika.

Tumefunga mpya yenye wati zilezile. Tafadhali msikadirie kwa macho, nendeni dukani na ile mbovu mkononi. Mpira wa mlango nao umekakamaa, nitaubadilisha mwisho wa mwezi.

Jana niliseti 180, kipimajoto nilichoweka ndani kikasoma 175 baada ya dakika 20. Keki imeiva hadi katikati, kijiti kimetoka kikavu. Asanteni sana, hasa uliyenizuia kununua themostati.