Mtoto wa wiki tano analia kila jioni, tumbo gumu: kumkanda kwa joto ni salama?

Mama Kijacho (Njombe)
Habari za jioni wapendwa. Naombeni ushauri. Mwanangu wa kwanza ana wiki tano. Ananyonya vizuri na kliniki wanasema uzito unapanda. Shida inaanza jua likizama: anakunja miguu mpaka magoti yanagusa tumbo, ngumi amekaza, analia mpaka sauti inakauka. Akijamba ananyamaza kidogo, kisha anaanza upya. Ikifika saa nne usiku analala mwenyewe.

Huku baridi ni kali. Mama mkwe anasema ni chango, anawasha jiko la mkaa chumbani, anapasha kanga juu yake na kumkanda mtoto tumboni. Kweli anatulia. Lakini naogopa asije akaungua, na hewa ya chumbani inakuwa nzito. Jirani naye kaniambia nijaze chupa maji ya moto nimlaze nayo. Nifanyeje?

Mama Wawili
Pole mdogo wangu. Wa kwangu wote wawili walipitia hiyo. Kilichonisaidia ni kifua changu: namvua mtoto nguo, namwacha na nepi tu, namlaza kifuani ngozi kwa ngozi, halafu tunajifunika blanketi mgongoni kwake. Joto lako halizidi wala halipungui ghafla. Ukichoka, mpe baba yake, naye ana kifua.

Mkunga Mstaafu
Mwanangu, pole na hongera kwa mtoto. Mkweo hajakosea kuhusu joto. Tumbo likipata joto la wastani mtoto hulegea, na mkono unaomgusa unamtuliza pia. Ila halitibu, linampunguzia tu adha.

Jiko ndilo linalonitisha. Litoeni chumbani leo hii. Mkaa unatoa gesi ya monoksidi kaboni, haina rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi kinaweza kuua familia nzima usingizini. Kanga iliyopashwa motoni nayo huwa na sehemu zilizoshika moto kuliko nyingine. Ngozi ya kichanga ni nyembamba na inaungua kwa joto ambalo wewe unaliona la kawaida. Chupa ya maji ya moto usimwekee kabisa. Inavuja, inapasuka, na mtoto hawezi kujisogeza.

Fanya hivi: chovya kitambaa kwenye maji vuguvugu, kikamue sana, kiweke kwanza upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Ukisikia moto, bado. Ukisikia uvuguvugu tu, mwekee tumboni juu ya fulana yake, mkono wako ubaki hapo hapo. Kikipoa kitoe, maana kitambaa kibichi kwenye baridi ya Njombe kitamzizimisha. Kuoga jioni pia kunasaidia, maji ya nyuzi 37 hivi. Pima kwa kiwiko. Baadaye mkande tumbo taratibu kwa kuzungusha kiganja kama mshale wa saa unavyokwenda, lakini si mara tu baada ya kunyonya.

Kilio cha namna hii huanza wiki ya pili au ya tatu, hukolea karibu na wiki ya sita, na wengi huachana nacho miezi mitatu hadi minne. Kwa hiyo huenda siku zijazo zikawa ngumu zaidi kabla hazijalegea. Usimpe asali wala dawa za mizizi.

Baba Pacha
Kwetu mmoja alikuwa anatulia nikimlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa karibu na kiwiko, natembea naye uani. Akilala, mlaze chali kitandani. Na ukiona hasira inakupanda, mweke mahali salama, toka nje uvute pumzi. Usimtikise hata kidogo.

Mkunga Mstaafu
Naongeza: homa ya 38 au zaidi, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, kukataa kunyonya, utosi kuvimba, au mtoto kulegea na kutoamka vizuri, usikande chochote. Nenda hospitali usiku huo huo.

Mama Kijacho (Njombe)
Asanteni sana, Mungu awabariki. Homa hana, nimepima. Sasa mama mkwe nimwambieje? Ametoka mbali kuja kunilea, sitaki aone namdharau.

Mama Wawili
Usimkataze kukanda. Jioni kabla kilio hakijaanza, mpelekee beseni la maji vuguvugu na kitambaa, mwambie, "Mama, naomba unikandie mtoto, mikono yako anaipenda. Jiko nimelipeleka jikoni, mkunga kasema hewa yake inaua watu wakiwa wamelala." Mumeo awepo, aseme na yeye, maana neno la mtoto wake atalipokea haraka.

Mama Kijacho (Njombe)
Jiko liko nje tayari, mume wangu kalibeba mwenyewe. Mama anachemsha maji, kaniuliza kiwiko cha nani kinapima, changu au chake.