Naomba ushauri: nataka kupiga picha treni ya mvuke ikipita kando ya ziwa hapa Mwanza

MpigaPicha_Kirumba
Habari za jioni wakuu. Nina miaka sita kwenye picha za harusi na sendofu hapa jijini. Kuna mteja, mzee wa nje, mpenzi wa treni za zamani, anaingia Jumamosi. Anataka siku nne: treni ya mvuke na mandhari ya ziwa. Mandhari hainipi shida. Treni ya mvuke naipiga na lenzi gani, na saa ngapi? Natanguliza shukrani, usingizi sipati.

FundiLenzi
70-200 mkuu. Simama mbali, kwenye kona, ili kichwa kije usoni kwako na mabehewa yaonekane nyuma yake. Ukiwa karibu na lenzi pana, kichwa kinavimba kama kiazi na mabehewa yanapotea. Capri Point jioni jua linashuka upande wa maji, una nusu saa ya rangi nzuri halafu giza linakudondokea. Moshi upige jua likiwa nyuma yake, ndipo unang'aa. Ila usitegemee lile wingu jeupe la wenzetu, lile ni la baridi. Kwenye joto hili mvuke unayeyuka kabla hujabonyeza. Na drone usirushe bila kibali cha TCAA, wale mamlaka ya usafiri wa anga.

Dagaa_Mkavu
Mvuke wa sufuria ya ugali ninao hapa nyumbani. Njoo upige bure.

BintiIgoma
Wapiga picha msinitoneshe kidonda. Harusi yangu ina miaka mitano, albamu sijaiona. Kila nikipiga simu, "kesho dada". Nimeishia na picha tatu za shemeji, na moja kati ya hizo ni mgongo wa MC. Mwanangu akiniuliza nilivaaje, namwonyesha mgongo wa MC.

MzeeWaReli
Mwangaluka kijana. Reli ilifika Mwanza 1928 ikitokea Tabora, na baba yangu aliitumikia reli hiyo hapo Tabora. Kichwa kikisimama kunywa maji tulikuwa tunasogea mpaka joto linatugusa mashavu, kikitoa pumzi tunatimua mbio, halafu tunarudi tena. Mama alijua tulikokuwa kwa masizi ya kwenye kola. Lakini vichwa hivyo vimeisha siku nyingi. Huku sasa ni dizeli, na SGR inayojengwa kutoka Isaka ni ya umeme. Hiyo ya mvuke wewe unaitoa wapi?

MpigaPicha_Kirumba
Shikamoo mzee wangu. Nina mpango. Si mnaijua ile mashine ya moshi, maharusi wakiingia ukumbini wanaonekana kama wanatembea mawinguni? Nimeikodi. Nikiitega nyuma ya kichwa cha dizeli jioni, nikapiga kwa mbali, halafu nikamalizia kwenye kompyuta, hakuna atakayejua.

FundiLenzi
Moshi ule ni mzito, unatambaa chini. Treni itaonekana inaungua magurudumu.

Mwalimu_Nyegezi
Na umeme wa mashine utauchomeka wapi, kwenye mataruma? Kijana, njia ya reli si ukumbi. Unaingiaje na mitambo bila stesheni masta kujua? Lakini tuache hilo. Mteja anajua kwamba treni ya mvuke haipo?

MpigaPicha_Kirumba
Hatukuingia kwa undani.

Mwalimu_Nyegezi
Ndiyo au hapana. Na hela umeshapokea?

MpigaPicha_Kirumba
Nusu. 1,400,000. Imeingia kwenye kodi ya fremu na hiyo 70-200 ya mtumba, FundiLenzi atanielewa. Lakini sikumdanganya mtu. Kuna picha niliiweka kwenye ukurasa wangu, kichwa cha mvuke na Jiwe la Bismarck. Ilikuwa sanaa. Kaiona, kaipenda, kanitafuta mwenyewe. Hakuuliza kama ni ya kweli. Mimi nimjibu swali ambalo hajauliza? Picha yenyewe hii hapa chini.

Dagaa_Mkavu
Mbona treni inapita upande wa majini? Hii imekata tiketi ya Ukerewe.

FundiLenzi
Kivuli cha jiwe kimelala kushoto, cha treni kulia. Jua mlikuwa nayo mangapi siku hiyo?

Mwalimu_Nyegezi
Huo ni utapeli, uuite sanaa, uuite ubunifu. Vijana mnataka kula kabla ya kupika. Rudisha hela ya watu.

MzeeWaReli
Mwalimu, hela imeshakuwa fremu, atarudisha matofali? Kijana, mwandikie leo. Mwambie ya mvuke hapa haipo, lakini kuna meli ya MV Umoja iliyokuwa ikibeba mabehewa na reli zake humo humo ndani, kuna daraja la Kigongo–Busisi, kuna soko la samaki la Mwaloni alfajiri dagaa wakimwagwa. Akitaka mvuke hasa, apitie makumbusho ya reli Nairobi. Pale kimesimama kichwa namba 5918, aina ya Garratt, kimetengenezwa Manchester, tani 250 na ushee, kimeandikwa Mount Gelai. Gelai ni mlima wetu, uko Arusha. Kingine, 3020, kinaitwa Nyaturu. Jina la watu wa Singida limelala Nairobi.

BintiIgoma
Mzee ungefundisha historia ningefaulu.

NjiaPanda_Buzuruga
Wakuu mnakunywa chai. Nimeikuza hiyo picha. Namba ya kichwa inaanza na 99. Hiyo ni Molli, treni ndogo ya mvuke ya pwani ya Baltiki, inatoka Bad Doberan mpaka Kühlungsborn, ipo tangu 1886 na bado inatembea. Mleta mada, mteja wako ni wa nchi gani?

MpigaPicha_Kirumba
Ujerumani.

NjiaPanda_Buzuruga
Mji?

MpigaPicha_Kirumba
Rostock. Kwani vipi?

NjiaPanda_Buzuruga
Rostock na Bad Doberan ni pua na mdomo. Mzee wa huko, mpenzi wa treni, asiitambue Molli? Ni sawa na Msukuma umwonyeshe sato akuulize huyu mdudu gani. Chai hii, tena sukari imezidi. Mods, hamishieni jukwaa la hadithi.

Dagaa_Mkavu
Nami nimejaza kikombe.

BintiIgoma
Na mimi nimemwaga kidonda changu bure humu.

MpigaPicha_Kirumba
Mtu silali, ninyi mnasema chai. Ningetunga ningejitungia mteja wa milioni kumi. Ngojeni, kaniandikia sasa hivi.

MpigaPicha_Kirumba
Anauliza kama ya kwetu nayo inapiga kengele ikipita katikati ya maduka, maana alipokuwa mdogo bibi yake alikuwa anamshika mkono wakiisikia. Nimeiangalia picha yangu, kengele siioni. Nimjibuje?

NjiaPanda_Buzuruga
Molli inapita barabarani kabisa pale Bad Doberan, kando ya maduka. Na kengele inapiga.

MpigaPicha_Kirumba
Kwa hiyo anajua?

MzeeWaReli
Tangu siku ya kwanza.

MpigaPicha_Kirumba
Sasa kalipa ya nini?

MzeeWaReli
Muulize yeye. Ila anza na "samahani".

Dagaa_Mkavu
Ile mashine ya moshi umesharudisha?

MpigaPicha_Kirumba
Bado. Kesho nina harusi Pasiansi.