Mjadala: Tasnifu ya uzamivu kuhusu Lamu isitetewe kabla wenyeji hawajasomewa kwa Kiswahili?

Upande wangu ni ndiyo. Anayehoji watu Lamu kwa ajili ya shahada ya uzamivu, iwe ya afya, ya lugha au ya mipango miji, asikae mbele ya watahini kabla hajarudi kutusomea alichokipata, nasi tukamkosoa.

Mji wetu uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2001, na hojaji haziishi mtaani Mkomani. Mwenye afya anauliza mbu. Mwenye lugha anarekodi Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, cha wazee. Mwenye mipango anapima vichochoro na mitaro. Watatu hawa hawajuani, na nyumba wanazobisha ni zile zile.

Chukueni chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, ya 2004 hapa Lamu. Kulikuwa na ukame, watu wakaweka maji majumbani muda mrefu bila kuyabadilisha, na Aedes aegypti, mbu anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji yaliyotulia, akapata makao. Damu zilizopimwa Oktoba mwaka huo zilionyesha kwamba takriban robo tatu ya waliopimwa walikuwa wameambukizwa. Ugonjwa ukafika Mombasa, na mwaka uliofuata ukawa Komoro. Je, hilo ni la daktari peke yake? Ni la anayepanga maji ya visima vya Shela, kijiji jirani, pia, na la anayejua kumuuliza mwenye nyumba kuhusu birika lake la kuhifadhia maji. Mabirika ya kale yaliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Tangi la plastiki nani amelitia samaki? Utafiti wa chikungunya hiyo umechapishwa kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo hapa hayasomwi.

*

Ndugu, mimi ni mwanafunzi wa uzamivu na ni mzaliwa wa hapa hapa. Sharti lako litamuumiza nani? Mgeni ana ruzuku, atamlipa mtafsiri na mambo yaishe. Mimi najilipia karo. Halafu kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, shahada hutolewa na chuo. Sisi wa Lamu tutamzuia mtu kwa mkono gani?

Linaloniogopesha zaidi ni huko kukosoana. Nikigundua kwamba maji machafu ya nyumba fulani za wageni ndiyo yanayoharibu mtaro wa mtaa mzima, wa kwanza kusimama mkutanini atakuwa mwenye nyumba hizo. Akinishinda kwa sauti, nifute? Na mji huu ni mdogo: ukimwandika mgonjwa kwa umri na mtaa wake tu, watu washamjua.

*

Wanangu, mimi ni mama wa mtaa wa Langoni. Mkutano mnaousemea utafanywa wapi, kwenye ngome ya mji? Utajaa wanaume. Birika na tangi ni kazi yetu, na sisi hatutakuwapo. Mtafiti aje ndani, azungumze na wanawake nyumba kwa nyumba kama alivyokuja kuuliza. Kitabu sikitaki hata kikiwa kwa Kiswahili. Nataka kujua nifunike nini na nimwage nini.

*

Bi, hilo lako lifuatwe kama ulivyolisema, nyumba kwa nyumba.

Wewe mwanafunzi, kusomewa si kupigiwa kura. Pingamizi la mwenye nyumba liandikwe, ushahidi wako ubaki ulivyo, watahini waone yote mawili. Majina na mitaa fichua kwa wasimamizi wako tu. Kuhusu mkono wa kuzuia: Juni 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, huku huku Lamu, ilifutwa na mahakama ya mazingira, na sababu kubwa ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Kampuni ilitakiwa iwashirikishe wananchi. Chuo kikuu kisamehewe kwa lipi? NACOSTI wanaweza kuliandika sharti hili ndani ya kibali chenyewe.

*

Waliandike, sawa. Lakini gharama umeiruka. Kuitafsiri tasnifu ya kurasa mia tatu na kuisoma mjini humu, nani atalipa? Kaunti, chuo, au mimi tena?