Ng'ombe wawili hori moja, mmoja mifupa mwingine kanona, tatizo mbegu au mimi?

Kigoda_Ihumwa: Wakuu habari za humu. Nipo Ihumwa hapa Dodoma, nina ng'ombe wawili tu wa maziwa. Mmoja Friesian, ana miezi mitatu tangu azae, ananipa lita 14 lakini amekonda mpaka mbavu unazihesabu ukiwa mlangoni, nyonga zimetoka, na joto la kutaka dume hajapata hata mara moja. Mwenzie chotara, mama yake mbegu ya Mpwapwa, lita 6 tu ila mgongo umejaa utadhani unaweza kutandika mkeka. Pumba zilezile, mashudu ya alizeti yaleyale, mabua yaleyale. Dawa ya minyoo nimempa mara mbili, hola. Nifanyeje?

mzee_wa_pumba: Uza mkuu. Friesian na jua la Dodoma wapi na wapi

Mama Ndama: Asiuze bwana. Friesian kachaguliwa vizazi na vizazi kwa maziwa, akishazaa hawezi kula kinachotosha kwa hayo maziwa kwa hiyo anayeyusha mafuta ya mwilini mwake yanaishia kwenye ndoo yako, huyo chotara ana damu ya kienyeji akipata pumba anaweka mgongoni. Hiyo ndo mbegu. Ila mbegu peke yake haimfikishi huko, hapo kuna mkono wako. Alizaa akiwaje? Kwenye kile kipimo cha unene cha 1 mpaka 5 anatakiwa azae yupo 3 au 3.5. Ulimkausha lini, yaani uliacha lini kumkamua kabla hajazaa?

Kigoda_Ihumwa: Mama hapo umenishika. Nilikamua mpaka wiki tatu kabla ya kuzaa, ada zilinibana

Mama Ndama: Haya sasa. Kumkausha ni miezi miwili kabla ya kuzaa mwanangu. Na usije ukamnenepesha kama nguruwe, aliyenona sana akizaa anagoma kula, anaporomoka kuliko huyu. Joto nalo halitakuja mpaka mwili uache kushuka

dume_la_Kongwa: Maji yakae muda wote, kwa joto hili lita 60 na kuendelea kwa siku, na kivuli. Mabua matupu ni kujaza tumbo tu, tafuta majani ya kunde au lusina. Halafu kaa uwaangalie wakila, usitupe chakula ukaondoka

Kigoda_Ihumwa: Nimerudi wakuu. Leo nimekaa na kigoda changu pale bandani, yule chotara ana pembe bwana, kamsukuma mwenzie mara tatu, mashudu kala yeye, Friesian kabaki analamba mbao. Nimeshagawa hori kwa chaga za kitanda cha wageni, mama watoto bado hajajua.