Tupeane uzoefu: kufunga na kulenga taa za bustani na za nje

FundiKigamboni (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, na siku hizi simu nyingi ninazopigiwa ni za taa za nje: spoti za kumulika miti, fladi za ukutani, sola za getini. Watu wananunua taa nzuri kwa hela nyingi. Zinafungwa mchana kweupe, zinageuzwa kwa kukadiria, fundi analipwa anaondoka. Usiku ukiingia, aliyekaa barazani anakunja uso kwa sababu taa inamtazama yeye badala ya mti.

Msimamo wangu ni huu, na niko tayari kuujadili: taa ya kugeuzwa haijafungwa mpaka ilengwe usiku. Mchana chimba, pitisha waya, funga miguu ya taa, nati uziache zimelegea kidogo. Giza likiingia rudini wawili. Mmoja anashika taa, mwingine anazunguka: barazani, getini, dirisha la chumba cha kulala, mpaka upande wa jirani. Anayezunguka ndiye anayetoa maelekezo. Popote anapoliona jicho la taa, lishushwe, livishwe kofia au taa ihamishwe. Ikikaa sawa, kaza nati, halafu piga mstari mmoja wa maka peni unaovuka kiungo, kuanzia sehemu inayogeuka hadi sehemu iliyotulia. Mtunza bustani akiigonga kwa reki mwezi ujao, anairudisha mstari ulipo bila kukuita.

Jambo la pili ni nyuzi zilizoandikwa kwenye boksi, yaani pembe ambayo mwanga unatawanyika. Wengi wanasoma wati tu. Taa ya nyuzi 24, ukiiweka mita 3 kutoka kwenye kitu, inatoa duara la upana wa kama mita 1.3. Ya nyuzi 36 inatoa karibu mita 2, ya nyuzi 60 mita 3 na nusu. Mnazi mwembamba ukiupiga kwa nyuzi 60, mwanga mwingi unapita pembeni unakwenda angani au dirishani kwa jirani. Mwembe uliotanuka ukiupiga kwa nyuzi 24 utaona tawi moja tu.

Karibuni. Semeni mlimulika nini, mlifunga wapi, na kama ilikaa au ilihama.

MamaWawili_Kitengela

Asante fundi. Huku Kitengela adui wetu ni udongo. Ule mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kutia mkono, mvua ikija unafura na kunata kwenye gumboot. Taa zetu za kando ya njia zilikuja na vigingi vya plastiki vya kudunga chini. Kila msimu ukibadilika zilikuwa zimeinama, moja inaangalia ukuta, nyingine inaangalia paa. Tunazinyoosha, baada ya mvua zinarudi vilevile.

Fundi mwingine ndiye alitusaidia. Alichimba shimo la karibu nusu mita kwa kila taa, akatoa ule udongo mweusi wote, akajaza maramu (changarawe ya kujengea barabara) na kuishindilia kwa tabaka. Juu akamwaga kipande cha zege chenye bolti mbili zinazochungulia, mguu wa taa ukakazwa hapo. Mvua ndefu zimepita na taa bado zinaangalia pale tulipozielekeza. Kwa mtu aliye Kitengela, Athi River au upande wa Embakasi, nasema kigingi peke yake ni kupoteza pesa. Hela ya maramu iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

FundiKigamboni

Hiyo ya maramu nimeichukua, dada. Sisi huku ni mchanga, kigingi kinayumba kwa sababu nyingine. Nakata bomba la chuma la futi mbili, nalizamisha, nafunga taa juu yake.

Mlinzi wa Zamani, Njiro

Mimi si fundi. Nimelinda majumba hapa Arusha kwa miaka, naomba niseme upande wa yule anayekaa na hizo taa usiku kucha.

Wenye nyumba wengi wanafunga fladi kubwa juu ya geti, au kwenye kona ya paa, ikiangalia kibanda cha mlinzi. Wanaamini mwanga mwingi ndio ulinzi. Sasa fikirieni: mimi nimesimama ndani ya mwanga, nje ya uzio ni giza totoro. Aliye gizani ananiona mpaka vifungo vya koti, mimi simwoni hata akiwa hatua kumi. Macho yakishapigwa na taa kali yanataka muda mrefu, hata nusu saa, kuzoea giza sawasawa. Kwa hiyo nikisikia kishindo nyuma ya nyumba, nafika nikiwa kama kipofu.

Nyumba niliyolinda mwisho, mama mwenye nyumba alinisikiliza. Alimwita fundi jioni, tukazunguka naye pamoja. Ile fladi ya getini ikashushwa nguvu, ikageuzwa imulike ardhi ya nje ya geti, ili anayepiga hodi aonekane uso na mimi nibaki kivulini. Kwenye uzio wakafunga taa ndogo kwenye kona, kila moja ikimulika kwa urefu wa uzio kwenda kona inayofuata, uso wake umeinamishwa chini. Pale penye michongoma mikubwa wakaweka mbili zinazokutana kutoka pande mbili, maana taa moja ikipiga kichaka, nyuma yake kunazaliwa kivuli cheusi cha kumficha mtu mzima. Kibandani wakaacha balbu hafifu ya kuandikia kitabu cha wageni. Kutoka pale nilipokaa nikawa naona uzio wote, na paka akivuka namwona.

Wenye nyumba, kabla fundi hajakaza nati, mwiteni mlinzi. Muulizeni anaona nini akiwa amekaa kwenye kiti chake.

SolaDodoma

Mzee wa Njiro umesema neno kubwa sana.

Mimi nauza na kufunga taa za sola hapa Dodoma. Kwenye sola kuna kulenga kwa aina mbili, watu wanafikiria moja tu. Taa inaangalia chini, paneli inaangalia jua. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, nyuzi kama 6 hapa Dodoma, kwa hiyo paneli isiyohamishwa naiinamisha kidogo kuelekea kaskazini, nyuzi 10 hadi 15. Juni jua la mchana linakuwa kaskazini mbali na utosi, hapo ndipo mwinamo unasaidia. Desemba linapita kusini kidogo lakini liko juu, hasara si kubwa. Mwinamo huo pia unafanya mvua ioshe vumbi. Na vumbi la Dodoma mnalijua: kiangazi futa paneli kwa kitambaa kibichi, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Taa nyingi za sola hutumia paneli yenyewe kujua kama giza limeingia. Ukifunga paneli chini ya taa nyingine ya umeme, usiku inadhani bado mchana. Haiwaki, au inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Wateja wananirudishia taa nzima kabisa kwa sababu hiyo. Naenda, naisogeza paneli ikae nyuma ya mwanga ule, kazi imekwisha.

Na mkikuta boksi la taa ya sola limeandikwa wati 300, chukueni kalamu. Paneli ya wati 10 ikipata jua zuri kwa muda wa saa 5 inakusanya wati-saa 50, hapo sijatoa upotevu. Gawanya kwa saa 12 za usiku unapata wati 4 na kidogo. Ndio mwanga halisi wa usiku kucha, hata boksi lingeandikwa 1000. Ukitaka zaidi chagua yenye sensa ya mwendo, ikae hafifu na iongeze mwanga mtu akipita.

Kaka Jose, Tabata

Mkuu wa Dodoma, hiyo sensa kwangu inamwona mtu akishafika mlangoni kabisa. Kutoka getini haimuoni. Ni mbovu?

SolaDodoma

Huenda si mbovu, ndugu. Sensa hizi huhisi joto la mwili likivuka mbele yake. Anayekatiza kutoka kushoto kwenda kulia inamdaka mapema, anayeijia moja kwa moja inachelewa kumhisi. Kama imefungwa juu ya mlango ikitazama geti, ihamishie ukuta wa pembeni ili njia ipite mbele yake kwa mkato. Urefu mita 2 hadi 2 na nusu. Na Dar usiku wa joto, mwili wa mtu na hewa vinakaribiana joto, sensa inapungua masafa. Usitegemee mita zote zilizoandikwa.

Bint Barka

Assalaam alaykum jamaa. Mimi niko Oman, wazee wangu wa Unguja. Shamba letu la mitende liko Barka, na mume wangu ndiye aliyeanza kupenda kumulika miti.

Mtende mzuri wake uko kwenye shina. Yale makuti ya zamani yakikatwa yanaacha vikonyo, safu juu ya safu. Ukiiweka spoti mbali, mita moja na nusu au mbili, shina linaonekana bapa, halina uhai. Tuliisogeza karibu, kama shibiri moja na nusu kutoka shinani, ikitazama juu sawasawa. Mwanga ukawa unapanda ukilikwaruza shina, kila kikonyo kikatoa kivuli chake, na juu kabisa makuti yakaupokea. Ukiwa umekaa kwenye mkeka unauona mti wote tangu mguuni hadi kileleni, na taa huioni. Tunatumia nyuzi 24, mbili kwa kila mti, pande mbili, kwa sababu moja inaacha nusu ya kichwa gizani.

Angalieni maji. Mitende yetu ina bonde la kumwagiliwa kuzunguka shina, na siku ya zamu ya maji bonde linajaa. Taa iliyoandikwa IP65 inavumilia kurushiwa maji, haikuundwa kuzama. Kwenye bonde tumeweka IP67, ambazo hustahimili kuzama mpaka mita moja kwa nusu saa. Kwengine tumeziinua juu ya jiwe. Na msipigilie taa misumari kwenye shina. Zilizo shinani tumezifunga kwa mkanda unaolegezwa, kila mwaka makuti yakishakatwa mume wangu hupanda na kuzilenga upya, maana kichwa cha mti kimeshahama kwenda juu.

Mtunza Bustani Watamu

Nafanya kazi ya bustani ufukweni hapa Watamu. Nimesoma yote, naongeza moja ambalo kwetu ni la lazima.

Kasa wanapanda kutaga kwenye mchanga wetu usiku. Mayai yanakaa kama miezi miwili, watoto wanatoka usiku na kuelekea upande wenye mwanga zaidi. Kwa maumbile upande huo ni bahari. Palipo na spoti zinazomulika minazi ya mbele, watoto wanageuka nyuma, wanaingia bustanini, alfajiri unawakuta wamekaukia kwenye nyasi au wameliwa na kaa na kunguru. Nimewaokota kwa mikono yangu, wengine wakiwa hai bado. Inauma sana.

Tulichofanya: hakuna taa inayotazama bahari, hata iliyo mbali. Taa za njia ziko chini ya goti na zina kofia inayoficha jicho, mwanga unaanguka kwenye kokoto tu. Rangi tumechagua ya kaharabu, kwa sababu nyeupe na yenye ubluu ndiyo inayowavuta zaidi. Minazi ya mstari wa mbele haimulikwi kabisa. Wageni wakiuliza tunawaeleza, na wengi wanafurahi zaidi kuona nyota. Wenzangu wa Mafia, Pangani na Kigamboni, tafadhali tembeeni mchangani usiku, mgeuke kutazama majengo yenu. Kila taa mnayoiona jicho, na kasa anaiona.

FundiKigamboni

Nimesimama kwa hili, ndugu yangu. Kuna nyumba mbili za ufukweni nilizozifungia, kesho napiga simu kwa wenyewe. Kofia za taa nitakata mwenyewe kwa bati la alumini.

Nyongeza kwa wa pwani: skrubu. Chumvi inakula skrubu ya kawaida mpaka taa inaning'inia kwa waya. Tafuteni chuma cha pua cha daraja la 316, 304 karibu na bahari inaanza kutoa kutu mapema. Nati ya kiungo ipakeni grisi. Na waya uingie kwenye taa kutokea chini, ukiwa umeupinda kwanza ushuke, ili tone la mvua lidondokee kwenye pindo lisifuate waya hadi ndani.

Mwanafunzi wa VETA

Shikamooni wakubwa. Nimefunga spoti 6 za volti 12, wati 6 kila moja, nyumbani kwa shangazi. Transfoma iko ukutani, taa zote ziko mwisho wa bustani, kama mita 25. Waya ni wa milimita za mraba 1.5. Zinawaka lakini ni hafifu. Nimepima kule mwisho napata 10.2. Transfoma inatoa 12 kamili.

FundiKigamboni

Marahaba kijana, na umefanya vizuri kupima. Jibu liko kwenye waya. Wati 36 kwa volti 12 ni ampia 3. Waya wa 1.5 una upinzani wa kama omu 12 kwa kilomita, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 50: omu 0.6. Zidisha kwa 3, umepoteza volti 1.8. Ndizo hizo zilizokosekana kwenye mita yako.

Ukiweka waya wa 4, upotevu unashuka hadi kama 0.7. Njia nyingine ni kuisogeza transfoma: peleka umeme wa 230 kwa kebo yenye deraya (ganda la chuma), ifukiwe nusu mita au zaidi na utepe wa tahadhari juu yake, ilindwe na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30. Transfoma ikae kwenye boksi lisilopitisha maji katikati ya zile taa, tatu upande huu na tatu upande ule. Hiyo ya 230 usiifanye peke yako, mwite msimamizi wako awepo. Zile za volti 12 unaweza kuzishika na kuzigeuza mwenyewe usiku, shangazi akiwa amekaa barazani anakuelekeza.